Fahamu: Kwa nini jiko la umeme hupoa umeme ukiwa mdogo

Tanzania inataka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, umeme ukiwemo. Chukua jiko la koili linalovuta ampea 10 kwenye volti 230. Zidisha: wati 2,300, yaani uniti 2.3 za LUKU kwa saa. Gawanya volti kwa ampea: ukinzani ni omu 23.

Jioni mtaa mzima ukipika, volti zikashuka hadi 184, ukinzani haubadiliki sana. Gawanya 184 kwa 23: mkondo unashuka hadi ampea 8, nguvu hadi wati 1,472. Volti zimepungua kwa asilimia 20, nguvu kwa 36! Maharage utayasubiri sana.

Na ekstensheni? Soma ampea zilizoandikwa. Zikiwa chini ya 10, usichomeke jiko hilo hapo.