Kofia ya jino na fundi pancha wa Kurasini

Wiki hii nazungumza habari za jino langu, na naomba radhi kwa walio mezani wakila.

Gego langu la juu lilikatika, nikashauriwa livishwe kofia ya zirkonia. Hii ni kauri nyeupe, imara kuliko kauri nyingine zinazotumika kinywani. Hutokana na madini ya zirkoni, ambayo yamo hata katika mchanga wa Fungoni, Kigamboni, ng'ambo ya daraja letu lililofunguliwa mwaka 2016. Nikalipa fedha zilizokuwa zimepangiwa ada ya shule. Miezi miwili baadaye kofia ikatoka nikila muhogo wa kuchoma. Ikarudishwa, ikatoka tena. Kofia yenyewe ilikuwa nzima, haina hata ufa. Kilichoshindwa ni gundi.

Jibu la kwanza nililipata kwa fundi pancha, kando ya Barabara ya Mandela yanakopita malori ya bandarini. Alikuwa na tyubu ya guta. Akaisugua kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, akapaka sulusheni, akangoja ikauke kidogo, ndipo akabandika kiraka. Nikamwuliza kwa nini asipake moja kwa moja. Akacheka: "Mzee, panapong'aa hapashiki. Na ukishasugua usipaguse, mkono una mafuta."

Daktari wa meno niliyemwendea baadaye alinieleza karibu yale yale.

Kauri nyingi za meno zina kioo ndani yake. Zikipakwa asidi kali, asidi inatafuna kile kioo na kuacha vishimo vidogo, na gundi ya rezini inaingia humo na kujishikiza. Zirkonia haina kioo. Asidi ile ile inapita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Uimara wake ndio unaomtia fundi taabuni.

Kwa hiyo kazi inafuata hatua tatu. Kwanza ni msasa: upande wa ndani wa kofia unapulizwa kwa hewa yenye chembe za alumina, chembe ndogo kama sehemu ya ishirini ya milimita. Presha iwe ndogo, maana ikizidi yaweza kuitia kauri nyufa. Pili ni sulusheni: dawa yenye kemikali iitwayo MDP, iliyobuniwa na kampuni ya Kuraray ya Japani mwaka 1981. Kemikali hiyo ina mikono miwili. Mmoja, ulio na fosfati, unashika zirkonia, na wa pili unashika rezini. Tatu ndipo inapokuja gundi ya rezini yenyewe.

Adui hapa ni mate. Kabla ya kubandika, daktari huijaribisha kofia kinywani aone kama inakaa sawa. Mate nayo yana fosfati, ambayo huwahi kukalia nafasi ya MDP. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Hata asidi ya fosfori, ambayo madaktari wameizoea kwa kazi nyingine, haifai, kwa kuwa nayo huacha fosfati. Hapana budi kofia ipulizwe upya au isafishwe kwa dawa maalumu, kisha ipakwe MDP bila kuchelewa.

Sisemi kwamba kila kofia inahitaji yote haya. Kisiki cha jino kikiwa kirefu na kimechongwa vizuri, saruji ya kawaida yatosha, kwa sababu umbo lenyewe linasaidia kuishika. Changu kilikuwa kifupi, kikategemea gundi tupu.

Kofia ikikutoka, usiirudishe kwa supagluu, wala usilale nayo kinywani ikiwa imelegea, usije ukaimeza au ikakupalia. Ihifadhi kwenye kikopo safi, uwahi kwa daktari. Kisiki kikiachwa wazi huoza, na meno ya jirani husogea mpaka kofia uliyoigharimia isiingie tena.

Na kabla ya kubandikiwa, uliza kwa adabu: "Daktari, baada ya kuijaribisha kinywani, utaisafishaje?" Mimi sikuuliza. Nilidhani nikishalipa fedha nyingi, maswali si kazi yangu. Siku ya tatu niliuliza, nikajibiwa bila kinyongo, na mwaka wa pili huu muhogo nautafuna kwa upande ule ule.