Utulivu na Tadbiri: Kutoka Pango la Mwiala Hadi Mto Bạch Đằng

Wazee wa Kibukusu husimulia ya kwamba hapo kale, katika pango la Mwiala, lilikaa joka kubwa lililokuwa likila watu na mifugo, na ya kwamba mtu mmoja jina lake Mango, aliyefiwa na wanawe kwa sababu ya joka hilo, aliazimu kuliua. Asikiaye kwa haraka hudhani kuwa sifa ya Mango ni ule mkono uliokata. Lakini akiisikiliza hadithi kwa taamuli ataona kuwa kazi ya upanga ilikuwa ya kufumba na kufumbua, na kazi kubwa ilikwisha kabla yake. Mango alikuwa amezijua tabia za adui: wakati litokapo kwenda kuwinda, njia lirudiayo, na gogo lililolala mlangoni pa pango, ambalo joka lilizoea kulipumzishia kichwa. Akaingia lenyewe halipo, akajibanza, akangoja bila kukohoa wala kusogea, hata kichwa kilipotua mahali pake pa siku zote, ndipo alipokata. Na ni baada ya tendo hilo, wasema wazee, ndipo Mango alipotahiriwa, na jando la Wabukusu huhesabiwa kuanzia kwake.

Hadithi hiyo haijafa. Huku Naitiri, Bungoma, magharibi ya Kenya, katika mashamba ya mahindi ambayo familia nyingi ziligawiwa baada ya uhuru yalipotoka mikononi mwa walowezi, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili huja na mlio wa chinyimba, zile njuga ambazo omusinde, yaani kijana asiyetahiriwa, huzipiga akizunguka kuwaalika jamaa zake, nyumbani kwa mjomba na kwa mashangazi. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, akapakwa tope la baridi mwili mzima, kisha akarudishwa mbio mbio uani kwa baba yake, huku umati ukiimba wimbo wa Sioyaye. Hapo husimama. Omukhebi, yaani ngariba, hufanya kazi yake, na mamia ya macho yamemkazia kijana usoni, yakitafuta kope iliyopepesa, goti lililotetemeka, au pumzi iliyokatika. Akisimama kama atakiwavyo, vigelegele hupaa. Akitikisika, aibu huwa yake na ya nyumba yake.

Sasa na tuvuke bahari, twende Vietnam, ambako utulivu wa namna hii umefanywa kuwa elimu yenye madaraja yake. Mwaka 1938, nchi hiyo ikiwa chini ya Wafaransa, kijana aitwaye Nguyễn Lộc alianzisha mjini Hanoi mtindo wa mapigano ulioitwa Vovinam, akichanganya mieleka na mapigano ya jadi ya watu wake na mengine aliyojifunza kwa wageni. Kabla yake, vijijini, hasa katika jimbo la Bình Định, kulikuwa na vyuo vya zamani zaidi vilivyorithishana maarifa haya. Katika shule za namna hii mwanafunzi aghalabu hufundishwa kusimama mapema sana, pamoja na ngumi zake za kwanza au hata kabla yake. Hutanua miguu kama aliyepanda farasi, akashusha nyonga, akanyoosha mgongo, akaweka ngumi kiunoni, na kuambiwa asitikisike.

Dakika ya kwanza ni rahisi. Kisha mapaja huanza kuwaka, pumzi hupanda kifuani na kuwa fupi, na nafsi hutafuta kila udhuru wa kuinuka. Mwalimu mwema huwa hana maneno mengi hapo. Humwelekeza mwanafunzi aishushe pumzi tumboni, na kuitoa polepole kuliko alivyoivuta. Si uchawi huo: pumzi itokayo kwa urefu huupunguza mwendo wa moyo, na moyo ukipunguza mwendo, akili hupata nafasi. Hapo mtu hugundua jambo ambalo haliwezi kufundishwa kwa maneno matupu, kwamba maumivu ni kitu kimoja na kutii maumivu ni kitu kingine, na kwamba baina ya mawili hayo iko nafasi ndogo ambamo mtu anaweza kuchagua.

Nafasi hiyo ndogo ndiyo mwanzo wa tadbiri. Wapiganaji wawili wanapokabiliana, mmoja hujifanya anapiga ili aone mwenzake atafanyaje. Aliye na wahaka huyajibu yote, na kila ajibupo huwa amemfunulia adui mkono wake utakwenda wapi na wapi patabaki wazi. Mtulivu haendi mbio kwa kila kivuli; hutazama bega, nyonga na mguu uliobeba uzito, kwa kuwa pigo la kweli haliwezi kuja bila uzito wa mwili kuhamia upande mmoja. Ndiyo maana katika Vovinam imo mipango thelathini ya mashambulizi ambayo wenyewe huiita mikakati: pigo moja hutangulia, si kwa kutumainiwa kuumiza, bali ili mkono wa adui upande kujikinga, na pigo lifuatalo hupita palipoachwa wazi. Wako wadhanio kuwa kukaa kimya kwa mpiganaji ni namna ya ibada au ya kusinzia. Kwangu mimi ni namna ya kusoma.

Na watu wa Vietnam walisoma hivyo hata katika vita vikubwa. Msomaji wa pwani, ajuaye bamvua na maji mafu, ataielewa habari hii upesi. Mwaka 938 jemadari Ngô Quyền, akijua kuwa merikebu za ufalme wa Han ya Kusini zinakuja kwa mto wa Bạch Đằng, aliamuru miti mikubwa yenye ncha za chuma ikitwe chini ya mto, mahali ambapo maji yakijaa huifunika kabisa. Wakati wa kujaa akatuma mashua nyepesi kuwachokoza adui, kisha zikakimbia kana kwamba zimeshindwa, na merikebu zikazifuata. Akangoja. Maji yalipokupwa aligeuka kwa nguvu zake zote, na merikebu zile nzito, zikijaribu kurudi baharini, zilichomwa na miti ile na kukwama. Mwaka 1288, katika mto ule ule, jemadari Trần Hưng Đạo aliwatenda vivyo hivyo Wamongolia. Adui alikuwa na merikebu zilizo kubwa. Wenyeji walikuwa na ilimu ya saa ya maji, na subira ya kutotangulia saa hiyo.

Lakini itakuwa dhuluma kwa msomaji nikimwachia kudhani kuwa kusimama imara pekee kunatosha. Mwaka 1895, wakati mtawala wa Kiingereza C. W. Hobley alipoongoza jeshi kuwatiisha watu wa Bungoma chini ya Waingereza, Wabukusu walisimama ndani ya ngome yao ya Lumboka, na baadaye katika ngome ya Chetambe, juu ya kilima karibu na Webuye, pamoja na majirani zao Watachoni. Ukuta wa udongo na handaki vilikuwa kinga iliyojaribiwa na kuthibitika dhidi ya mikuki na mishale. Dhidi ya bunduki ya Maxim na mzinga wa Hotchkiss havikuwa kinga tena. Ushujaa wao hauna shaka, na mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa dini ya kienyeji iitwayo Dini ya Msambwa, na wafuasi wake walikwenda Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Hata hivyo adui ndiye aliyechagua saa na silaha, na aliyesimama bila kuchagua husimama kwa saa iliyowekwa na mwingine.

Kwa sababu hiyo nahuzunika nionapo jinsi jando linavyopunguzwa siku hizi likawa kusimama tu na karamu. Mila ina sehemu ya pili, khulicha, ambamo mzee humketisha aliyetahiriwa na kumpa mawaidha ya namna ya kuishi na watu, kulinda nyumba na kujizuia. Na katika nyumba nyingi sehemu hiyo hufanywa kwa pupa, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka. Wako pia vijana wengi wanaotahiriwa hospitalini kwa ganzi, wasiotakiwa kustahimili kisu, na ambao hakuna sababu ya kuwadharau. Lakini nao wana haki ya mafunzo yale yale, tena pengine zaidi. Basi enyi akina baba na wajomba wa Naitiri, Agosti ya jando ikifika, tengeni siku nzima kwa ajili ya khulicha, mumsimulie kijana habari za Mango tangu mwanzo hata mwisho, na mumwulize yeye mwenyewe kwa nini Mango alingoja.