"Libation": neno la tambiko kwenye orodha ya vinywaji

Katika migahawa mingi ya Chicago au London siku hizi, ukurasa wa pombe umeandikwa juu yake "Libations". Chini yake ni wiski, mvinyo na bia za kawaida. Waandishi wa makala za safari na mapishi nao wanalipenda neno hilo, kwa sababu lina harufu ya ukale na linaipa glasi ya kawaida hadhi kidogo. Mwandishi wetu anayeandika pia kwa Kiingereza, gazetini, chuoni au kwenye hoteli ya kitalii, hulikuta na kujiuliza kama naye alitumie. Kwa maoni yangu neno hili lina kazi nzito ya kufanya, na kupamba orodha ya pombe si kazi yake.

Tuanzie kwenye asili. Kitenzi cha Kilatini "libare" kilimaanisha kuonja kidogo, na pia kumimina kidogo kwa ajili ya miungu. Wagiriki walikuwa na tendo hilohilo, wakiliita "sponde". Wingi wake, "spondai", ulikuwa pia jina la mkataba wa kusimamisha vita, maana mapatano yalitiwa nguvu kwa kumimina divai mbele ya miungu iliyoshuhudia. Katika utenzi wa Homer unaoitwa Odisia, kitabu cha 11, Odysseus anafika ukingoni mwa nchi ya wafu akitaka kusema nao. Anachimba shimo kwa upanga wake, lenye kipimo cha dhiraa moja kila upande. Anamimina kwanza asali iliyochanganywa na maziwa, kisha divai, kisha maji, halafu ananyunyiza unga mweupe wa shayiri juu yake. Mtu aliyekulia Kilimanjaro, akamwona mzee akimimina mbege ya ndizi na ulezi huku akiwataja waliotangulia, hahitaji maelezo ya ziada. Hilo ni tambiko.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. "Libation" ni ile sehemu ya kinywaji ambayo mtu hanywi. Anajinyima, anaimwaga, anampa asiyeonekana. Kinachobaki ndicho anachokunywa yeye, na hicho kilikuwa na majina yake mengine.

Basi lilifikaje kwenye glasi ya mnywaji? Lilikuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 14, likiwa neno la ibada. Kufikia karne ya 18 Waingereza walianza kulitumia kwa utani, wakiita "libation" kile walichojimiminia kooni wenyewe. Utani huo ulieleweka kwa sababu waandishi na wasomaji wao walikuwa wamefundishwa Kilatini na Kigiriki tangu utotoni, hivyo waliona mara moja umbali kati ya madhabahu na meza ya baa. Leo wasomaji wenye malezi hayo ni wachache. Umbali hauonekani tena, na utani umekwisha. Kilichobaki ni fahari ya sauti ya neno. Kamusi kubwa za Kiingereza zinaikubali maana ya kinywaji cha kilevi, kwa hiyo anayelitumia hivyo hakosei lugha. Ila amechukua neno lenye mzigo na kuutua mzigo wake njiani.

Tena, ukale wa neno hautazamwi kutoka mahali pamoja tu. Chukua "grog". Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon wa jeshi la majini la Uingereza aliagiza ramu ya mabaharia ichanganywe na maji. Yeye mwenyewe alikuwa akiitwa "Old Grog" kwa sababu ya koti lake la kitambaa cha "grogram", na jina likahamia kwenye kinywaji. Mgao wa ramu ulifutwa katika jeshi hilo tarehe 31 Julai 1970, na huko Uingereza "grog" likabaki zaidi kwenye hadithi za maharamia. Lakini nchini Australia watu bado wanaiita hivyo pombe yoyote, na kule Fiji ndilo jina la kila siku la kava, mizizi iliyotwangwa na kuchanganywa na maji, inayonywewa kwa kifuu cha nazi. Mwandishi wa London anayeliita neno la kizamani anasema kweli ya mtaa wake tu.

"Libation" nalo lina mahali lilipo hai kabisa. Nchini Ghana halijawahi kuwa la kizamani. Kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, kwenye mazishi, kwenye kusimikwa kwa chifu, mzee hushika chupa, mara nyingi ya schnapps iliyotoka Uholanzi, na kumimina kidogo kidogo huku akinena. Humtaja Mungu, hutaja ardhi, ambayo Waakan huiita Asase Yaa, kisha wahenga. Kila anapotua, waliosimama huitikia kwa pamoja, naye humimina tena. Magazeti ya Accra huandika "libation" bila alama za mtajo na bila ufafanuzi, kwa sababu ndilo jina la tendo lenyewe kwa Kiingereza cha huko.

Hata Marekani, neno linapata uzito wake likirudi kwenye tendo. Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, aliazima istilahi kutoka Kiswahili. Kikombe kinachotumika kinaitwa kikombe cha umoja, na maneno yanayosemwa wakati wa kumimina yanaitwa Tamshi la Tambiko. Wamarekani Weusi wanapokusanyika na kumimina maji kwa kuwakumbuka mababu waliovushwa bahari kwa minyororo, "libation" na tambiko hutumika bega kwa bega. Naona ni vigumu kusoma habari ya mkusanyiko kama huo, kisha kugeuza ukurasa na kukuta neno lilelile likitangaza punguzo la bei ya pombe saa za jioni.

Kwa mwandishi wa Kiingereza aliye kwetu, hili si jambo la mbali. Hoteli ya Moshi ikiiweka mbege chini ya kichwa "Libations", inakiita kinywaji cha mezani kwa jina la kile kinachomwagwa kwa wahenga, na mgeni hatajua tena lipi ni lipi. "Drinks" inatosha, haijachakaa wala haitachakaa. "Beverages" iachwe kwa viwanda na mamlaka za kodi.

Upande wa pili unahitaji uangalifu uleule. Wafasiri wengi wakikuta tambiko huandika "libation" papo hapo, ilhali tambiko ni pana kuliko kumimina. Mzee akimwaga pombe, maziwa au maji yaliyokorogwa na unga, neno limefika mahali pake. Akichinja mbuzi, "sacrifice" ndilo linalofaa. Na akiacha chakula chini ya mti bila kumimina chochote, mfasiri aandike "offering", aeleze ni chakula gani na kimeachwa chini ya mti gani.