Je, Wajua? Majibu ya Damu Unapomsubiri Daktari Bingwa

Je, wajua kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni ya majibu yako kilipatikanaje? Walipimwa watu wenye afya, kisha wakaachwa nje asilimia 2.5 waliokuwa juu kabisa na asilimia 2.5 waliokuwa chini kabisa. Kwa hiyo, kati ya watu 20 wasio na ugonjwa wowote, mmoja hupata alama ya H (juu) au L (chini). Ukipimwa vitu 20 visivyotegemeana kwa mara moja, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya kiwango unakaribia asilimia 64, hata kama huumwi popote.

Na hao watu wenye afya ni watu gani? Swali hili linastahili kuulizwa kwa sauti. Kwa miaka mingi maabara nyingi za Afrika zimetumia viwango vilivyotokana na Wazungu na Wamarekani. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya watu wazima zaidi ya 2,000 wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Himoglobini na neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zilikuwa chini kuliko viwango vya Marekani. Eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zilikuwa juu. Hizi hupanda kwa minyoo, kichocho na mzio.

Sababu moja kubwa ya neutrofili kuwa chache ni urithi. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Kimelea cha malaria aina ya Plasmodium vivax huitumia alama hiyo kuingia ndani ya chembe, hivyo kuikosa ni kinga kubwa tuliyoachiwa na mababu. Watu hao hao huwa na neutrofili chache zinazozunguka kwenye damu, wala hawaugui zaidi ya wenzao. Inauma kwamba wagonjwa wa saratani wamewahi kupunguziwa dozi au kunyimwa nafasi katika majaribio ya dawa kwa sababu ya namba ambayo kwao ni ya kawaida. Kama neutrofili zako ziko chini mwaka hadi mwaka na huandamwi na maambukizi, mwulize bingwa kuhusu Duffy.

Potasiamu iko juu? Pengine ni kweli, pengine damu iliharibika njiani. Chembe nyekundu zikipasuka ndani ya sindano au chupa, potasiamu iliyomo humwagika. Hata kukunja na kukunjua ngumi mkono ukiwa umefungwa mpira huipandisha.

Sukari hufanya kinyume. Damu ikikaa kwenye chupa ya kawaida bila kutenganishwa, chembe huendelea kuila sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa.

Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nazo zinaweza kushikana ndani ya chupa ya kifuniko cha zambarau, kwa sababu ya EDTA, dawa inayozuia damu isigande. Mashine huona bonge moja na kukosa kuzihesabu zilizomo. Mtaalamu wa maabara akiangalia tone kwa hadubini, au akichukua damu upya kwenye chupa ya kifuniko cha buluu, ukweli hujulikana. Lakini malaria hushusha chembe sahani kwelikweli, kwa hiyo kipimo cha malaria kisirukwe.

Je, wajua HbA1c, kipimo cha sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kinaweza kumdanganya mwenye selimundu? Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Za mgonjwa wa selimundu hufa mapema mno, hazipati muda wa kubeba sukari, na majibu hutoka mazuri kuliko hali ilivyo.

AST, kimeng'enya kinachopimwa kuangalia ini, ikipanda si lazima tatizo liwe la ini. Imo pia kwenye misuli, na kulima kutwa nzima kunatosha kuipandisha. Vidonge vya biotini vya nywele na kucha huvuruga baadhi ya vipimo vya tezi ya shingo na vya moyo. Mtajie bingwa kama unavitumia.

Himoglobini ikiwa chini, tazama MCV, yaani ukubwa wa chembe. Zikiwa ndogo, mara nyingi madini ya chuma yamepungua. Zikiwa kubwa, hufikiriwa vitamini B12, foleti, pombe, au dawa kama zidovudine ya VVU. Na feritini, akiba ya chuma, hupanda wakati wa maambukizi na kuficha upungufu.

Majibu ya zamani ni mali. Ugonjwa sugu wa figo huthibitishwa tatizo likidumu zaidi ya miezi 3, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha figo, ya mwaka jana inaweza kumwambia bingwa mambo ambayo ya leo peke yake haiwezi. Beba karatasi zote, pamoja na orodha ya dawa zako, za kienyeji zikiwemo.

Yapo yasiyosubiri tarehe ya rufaa: homa ukiwa na neutrofili chache sana, damu ya puani au ya ufizi isiyokatika, kifua kuuma, kukosa pumzi, moyo kwenda ovyo, mkojo kukatika, au kuchanganyikiwa. Ukiona mojawapo, nenda idara ya dharura leo hii, hata usiku, na karatasi ya majibu mkononi.