Betri ni Akiba ya Nahodha

Aliyepata kusimama mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, ameziona nyaya kubwa zitokazo Kidatu kuelekea Ubungo. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kazi mwaka 1975 na chenye uwezo wa megawati 204, ni miongoni mwa vituo vinavyoulisha mtandao wa Taifa. Na mtandao huo huvuka bahari, toka Ras Kiromoni hadi Fumba, kuwafikia ndugu zetu wa Unguja. Kwa hiyo nahodha anayechomeka chaja ya boti yake gatini hutumia pia nguvu ya maji ya Morogoro. Je, huitumia ipasavyo?

Twauliza kwa sababu betri ikifa baharini, taa huzimika, redio hunyamaza, na mashine hukataa kuwaka. Hapo roho za watu zimo hatarini.

Wako wenye vyombo wanaoingoja betri iishe moto kabisa ndipo waichaji. Hilo ni kosa. Betri ya risasi na tindikali haifai kushushwa chini ya nusu ya uwezo wake, wala kuachwa siku nyingi bila moto, maana sahani zake huharibika. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia hupimwa takriban volti 12.7; ikifika 12.2, nusu imekwisha.

Kuichaji kupita kiasi nako huchemsha maji yake na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Basi pahala pa betri pawe na hewa, sigara na karabai zikae mbali, na maji ya kuongeza yawe yale safi ya betri, si ya bomba wala ya kisima.

Nao viongozi wanao wajibu. Soketi za gatini ziwe na waya wa ardhini na swichi ya kukata umeme mara unapovuja, kwani umeme na maji ya chumvi havina suluhu.

Wananchi wa Unguja hawajasahau giza la takriban mwezi mzima mwaka 2008, wala lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu, lakini haukuleta ruhusa ya uzembe. Akiba haiozi, walinena wahenga. Nahodha na aitunze yake kabla ya kung'oa nanga.