Kukadiria Hatari ya Moto wa Petroli kwa Kompyuta

Mamboya, penye vilima vya Ukaguru wilayani Kilosa, hapana kiwanda cha kemikali. Hata hivyo mwanafunzi wa huko asafiripo kwenda Morogoro mjini hupita Dumila, katika barabara kuu ya Dodoma, naye hupishana na malori yaliyobeba petroli. Katika mji huo wa Morogoro, mahali paitwapo Msamvu, lori la namna hiyo lilipinduka asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019. Watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka, na hatimaye idadi ya waliofariki ilizidi 100.

Ilipasa kusimama umbali gani? Swali hili hujibiwa kwa makadirio ya kompyuta. Programu moja inayotumika sana ni ALOHA, iliyotungwa na taasisi za serikali ya Marekani na kutolewa bure. Mtumiaji huieleza jina la kemikali, ukubwa wa tangi au wa dimbwi, kasi ya upepo, joto la hewa na wingi wa mawingu. Nayo humchorea maeneo ya hatari.

Tuchukue moto wa dimbwi. Kipimo chake ni mnururisho wa joto, yaani joto litufikialo kama lile la jua. Kilowati 10 kwa kila mita mraba zaweza kuua katika dakika moja. Kilowati 5 hutoa malengelenge. Kilowati 2 huleta maumivu. Mwalimu aweza kuikaribia hesabu hii ubaoni. Dimbwi la petroli lenye kipenyo cha mita 10 huunguza takriban kilo 4 kwa sekunde, na kutoa kama megawati 190. Tukikadiria kwamba asilimia 30 ya nishati hiyo husambaa pande zote sawasawa kwa mnururisho, basi kwenye umbali wa mita 30 tutapata kilowati 5 kwa mita mraba. Umbali ukizidishwa mara mbili, mnururisho hubaki robo. (ALOHA huuhesabu mwali kuwa na umbo, si nukta, kwa hiyo majibu yatatofautiana kidogo.)

Lakini hesabu hiyo yahusu moto uliokwisha kuwaka. Achotaye mafuta yumo ndani ya mvuke wenyewe. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni, na huweza kushika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Cheche moja yatosha. Kwa sababu hiyo programu huchora pia eneo la mvuke uwezao kuwaka. Kwa maoni yangu mchoro huu ndio wa kufundishwa kwanza, kwani mchotaji haoni mwali wowote wa kumwogofya.

Programu ina mipaka yake. ALOHA ilikusudiwa hasa kemikali zilizo safi, na petroli ni mchanganyiko. Hivyo hutumiwa kemikali inayoikaribia, kama heptani. Tena huhesabu kana kwamba ardhi yote ni tambarare. Penye miteremko kama ya Mamboya, mvuke mzito waweza kuteremka na kujikusanya bondeni, hata kinyume cha upepo dhaifu, ilhali kompyuta imeuchora upande mwingine. Darasa likijaribu zoezi hili kwa ramani ya kijiji, na lichore pia mikondo ya maji ya mvua.