Kurejesha nodi za Galera Cluster

Galera Cluster ni programu inayounganisha seva kadhaa za MySQL au MariaDB ili zifanye kazi kama hifadhidata moja. Ilitengenezwa na kampuni ya Codership ya nchini Ufini. Kila seva katika kundi huitwa nodi, nayo hutunza nakala kamili ya data zote.

Kwa kawaida nodi iliyozimika ikiwashwa hujiunga tena na kundi yenyewe. Ikiwa imekosa miamala michache, hupokea hiyo tu. Ikiwa imeachwa nyuma sana, hunakili hifadhidata nzima kutoka nodi nyingine. Ikishindwa kujiunga, huenda diski imejaa au milango ya mtandao namba 4444, 4567 na 4568 imefungwa.

Kuzimika kwa nodi zote

Tatizo kubwa zaidi hutokea nodi zote zinapozimika pamoja, kwa mfano umeme unapokatika. Kila nodi ikiwashwa hutafuta kundi la kujiunga nalo, na kwa kuwa hakuna lililo hai, inaweza kushindwa kuanza. Hapo msimamizi huchagua nodi moja ianzishe kundi upya. Akichagua iliyo nyuma, miamala ya mwisho inaweza kupotea, kwa sababu nodi nyingine zitanakili data za hiyo ya kwanza.

Hatua za kurejesha

1. Kuhakikisha kwamba hifadhidata imesimama kwenye nodi zote.
2. Kusoma faili la grastate.dat katika kila nodi. Nodi yenye safe_to_bootstrap: 1 ndiyo iliyozimwa mwisho, hivyo ndiyo ya kuanza.
3. Ikiwa zote zina 0, na seqno ni -1, hazikuzimwa kwa utaratibu. Amri ya mysqld --wsrep-recover huonyesha namba ya muamala wa mwisho wa kila nodi.
4. Katika nodi yenye namba kubwa kuliko zote, 0 hubadilishwa kuwa 1, kisha amri ya galera_new_cluster hutolewa (kwa MariaDB).
5. Nodi zilizobaki huwashwa kwa njia ya kawaida, moja baada ya nyingine. Kurudia galera_new_cluster kwenye nodi ya pili kunaweza kuunda makundi mawili yenye data tofauti.

Kinga

Inashauriwa kuwa na nodi 3 au zaidi, kwa kuwa kundi huendelea kufanya kazi pale tu zaidi ya nusu ya nodi zake zinapowasiliana. Kuziweka kwenye vyanzo tofauti vya umeme hupunguza hatari ya zote kuzimika kwa wakati mmoja.